Mume, Mke na Kamba: Njia ya Mawe kutoka Yosemite hadi Utah

Mwezi wa Septemba, joto linapoanza kupungua magharibi mwa Marekani, barabara zinazokatiza milima ya Sierra Nevada hupata wageni wa namna yake. Magari yao ni marefu kama Hiace, yana bamba la sola juu ya paa na mapazia madirishani. Ndani viti vimeng'olewa, na mahali pake pamewekwa kitanda, jiko la gesi na makreti yaliyojaa kamba na vyuma. Abiria kwa kawaida ni wawili, mtu na mkewe au mtu na mchumba wake. Hawana hoteli waliyoweka nafasi wala mji wanaouwahi. Wanafuata mawe: waanzie kwenye graniti ya Yosemite huko California, wavuke milima, washuke jangwa la Nevada, kisha wamalizie Utah kwenye majabali mekundu.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia kupanda mlima huiona Kilimanjaro, ambako anayefuata njia ya Marangu hutembea kwa miguu yake mwanzo hadi mwisho. Hili ni jambo jingine. Linalokaribiana nalo liko Mlima Kenya: wageni wengi huishia Point Lenana, mita 4,985, kwa kutembea, lakini vilele viwili vya juu zaidi, Batian na Nelion, havifikiki bila kamba na mikono. Batian ilipandwa mara ya kwanza mwaka 1899 na msafara wa Halford Mackinder. Nelion, iliyo jirani yake kabisa, ilisubiri hadi mwaka 1929, walipoifikia Eric Shipton na Percy Wyn-Harris. Walikuwa wawili, na kazi hii ni ya wawili.

Mmoja hutangulia. Amefunga ncha ya kamba kwenye mshipi wake, na kila anapopiga hatua kadhaa huchomeka kipande cha chuma kwenye ufa wa mwamba na kupitisha kamba humo. Mwenzake yuko chini, kamba inapita kwenye kifaa kidogo kilichoning'inia kiunoni mwake, anaiachia kidogo kidogo na yuko tayari kuibana wakati wowote. Mtangulizi akiteleza akiwa mita 3 juu ya chuma chake cha mwisho, ataanguka mita 6 na ushei: 3 za kurudi kilipo chuma, 3 nyingine za kukipita, na hizo za ziada ni kamba kunyumbuka. Kunyumbuka huko ni kwa makusudi. Kamba ya kupandia hufumwa kwa nailoni ili ivutike na kupunguza kishindo, kwa sababu kamba isiyovutika ingemzuia mtu kwa nguvu ya kumvunja mgongo. Mtangulizi akifika mahali pa kusimama hujifunga mwambani, na sasa ni zamu yake kumshikia kamba mwenzake, ambaye anapanda huku akiking'oa kila chuma alichokipita. Kisha wanaanza tena. Ukuta mrefu unaweza kuwa na vipande 10, 15 au 30 vya namna hiyo.

Kwa hiyo uhai wa mmoja umo mkononi mwa mwingine, tena si kwa mafumbo. Alex Honnold, ambaye tarehe 3 Juni 2017 alipanda El Capitan peke yake bila kamba kabisa, aliwahi kuumia mgongo mwaka mmoja kabla ya hapo akiwa na kamba. Mchumba wake wakati huo, Sanni McCandless, alikuwa akimteremsha, kamba ikawa fupi kuliko urefu wa njia, ncha yake ikapita kwenye kifaa na kuchomoka, Honnold akaanguka hadi chini. Fundo moja kwenye ncha ya kamba lingezuia yote hayo. Kisa hicho kimo kwenye filamu ya *Free Solo* ya mwaka 2018, na wawili hao walioana mwaka 2020. Ni vigumu kupata ushahidi bora kwamba penzi linaweza kustahimili kosa la kamba, ingawa wapandaji wengi wangependa kutolijaribu.

Ratiba ya safari hupangwa na kipimajoto. Mwamba wenye joto hutoa jasho viganjani, na kiganja chenye jasho hakishiki. Raba ya viatu nayo hung'ang'ania jiwe vizuri zaidi kukiwa na ubaridi. Ndiyo maana wapandaji hushuka kutoka milimani kuelekea jangwani kadiri majira yanavyopoa: Yosemite mwanzoni mwa vuli, Bishop na Red Rock kuelekea Novemba, na Utah popote katikati, mradi mvua isinyeshe.

Yosemite ni bonde ambalo wenyeji wake, Waahwahneechee, walifukuzwa na kikosi cha wanamgambo mwaka 1851, na leo ni hifadhi ya taifa. Hapo ndipo ulipo El Capitan, ukuta wa graniti wa takriban mita 900 uliosimama wima kutoka kwenye miti ya misonobari. Bondeni humo kuna Camp 4, kambi ya mahema yenye vumbi na masanduku ya chuma ya kuficha chakula ili dubu wasikifikie. Mwaka 2003 kambi hiyo iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Haina jengo la maana, haina mnara, haina hata ukuta mmoja uliojengwa na mtu mashuhuri. Kilicholindwa ni kwamba hapo ndipo walipolala waliobuni mchezo huu kama unavyojulikana leo, na hapo ndipo walipogombania jambo ambalo halijaisha: mtu ana haki ya kuacha nini mwambani?

Katika miaka ya 1950, jibu lilikuwa kigingi cha chuma. Unakipigilia kwa nyundo ndani ya ufa, unapitisha kamba, na anayefuata anakigonga kushoto na kulia mpaka kitoke, kitumike tena juu. Warren Harding na wenzake walipanda El Capitan kwa mara ya kwanza kwa mtindo huo mwezi Novemba 1958, baada ya kazi iliyokatika-katika kwa zaidi ya mwaka. Tatizo lilionekana polepole. Kigingi cha chuma kigumu kikiingia na kutoka kwenye ufa uleule mara mia kadhaa, kinacholika ni jiwe. Njia iitwayo Serenity Crack ina mfululizo wa mashimo yaliyoachwa hivyo, na wapandaji wa leo huingiza vidole humo.

Hapa ndipo wanapoingia mume na mke wa kwanza katika historia hii. Royal Robbins, aliyezaliwa mwaka 1935, alikuwa tayari mtu mkubwa bondeni. Mwaka 1957 aliongoza kundi la watatu kupanda uso wa kaskazini-magharibi wa Half Dome kwa siku 5. Alimwoa Liz mwaka 1963. Mwaka 1966 alikwenda Uingereza na kuwakuta wapandaji wa huko hawapigilii vigingi. Walikuwa wamezoea kuokota nati zilizodondoka kando ya reli, hasa ile inayopanda mlima Snowdon huko Wales, wakazitoboa uzi wake, wakapitisha kikamba na kuzikwamisha kwenye nyufa kwa mkono. Nati ikivutwa kuelekea chini hukaza. Ikisukumwa kuelekea juu hutoka, na jiwe linabaki kama lilivyokuwa.

Mwaka 1967 Royal na Liz walipanda njia mpya ya Yosemite kwa nati tupu, bila kupigilia kigingi hata kimoja, na wakaiita Nutcracker. Si njia ngumu. Kwa vipimo vya Marekani, vinavyoanzia 5.0 na sasa vimefika 5.15, ni 5.8, kiwango ambacho mwanafunzi mwenye bidii hukifikia. Uzito wake ni kwamba wawili hao walionyesha kwa vitendo kitu ambacho wengi walikuwa wakikiona ni mbwembwe za Waingereza. Mwaka huohuo Liz alipanda na mumewe ule uso wa Half Dome, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Miaka mitano baadaye Yvon Chouinard, ambaye vigingi ndivyo vilivyokuwa vikimlisha, alitoa katalogi ya mwaka 1972 iliyowashauri wateja wake wavitupilie mbali na kununua nati. Muuza nyundo anayewaambia watu waache kupigilia: wafanyabiashara wa aina hiyo ni wachache.

Robbins hakuwa malaika kwenye jambo hili, na ni vyema kisa chake kisipambwe. Mwaka 1970 Harding na Dean Caldwell walikaa karibu mwezi mzima kwenye sehemu ya El Capitan iitwayo Dawn Wall, wakitoboa mashimo zaidi ya 300 ili waweke bolti na vishikizo. Mapema mwaka uliofuata Robbins alipanda njia hiyo akiwa na patasi na nyundo, amedhamiria kukata kila chuma walichokiacha. Alikata vya vipande vya mwanzo. Kisha akaacha, akapanda hadi juu kwa kuvitumia vilivyosalia, kwa kuwa alikuta kazi ya wenzake ni ngumu na nzuri kuliko alivyodhani. Hakimu alibadili hukumu akiwa ukutani.

Bonde hilohilo lilikuja kuwa nyumbani kwa mume na mke wengine, Tommy Caldwell na Beth Rodden. Mwaka 2000, kabla hawajaoana, walipanda pamoja njia ya Lurking Fear ya El Capitan kwa mtindo huru, yaani kamba ni ya kukinga maporomoko tu na mwili ndio unaofanya kazi yote. Mwaka huohuo wa 2000, wakiwa safarini Kirgizia na wenzao wawili, walitekwa na wapiganaji wenye silaha wakafichwa milimani siku 6. Waliponyoka baada ya Caldwell kumsukuma mlinzi wao kwenye genge. Kwa muda mrefu aliishi akiamini ameua mtu, mpaka ilipojulikana kwamba mlinzi huyo hakufa. Walioana, na mwaka 2005 wakapanda The Nose, njia nyingine ya El Capitan, kwa mtindo huru wakiwa kamba moja. Ndoa ilikwisha miaka michache baadaye. Caldwell, ambaye hana kidole cha shahada cha mkono wa kushoto tangu kikatwe na msumeno wa umeme mwaka 2001, alikwenda kuimaliza Dawn Wall kwa mtindo huru mwezi Januari 2015 pamoja na Kevin Jorgeson, baada ya siku 19 ukutani.

Kutoka Yosemite kwenda mashariki kuna mlango mmoja tu wa karibu: Tioga Pass, mita 3,031 juu ya usawa wa bahari. Theluji huufunga kuanzia karibu Novemba mpaka Mei au Juni, na wenye magari ya kulala huangalia taarifa za hali ya hewa kwa bidii ya mabaharia. Anayechelewa hulazimika kuzunguka milima yote. Anayewahi hushuka upande wa pili kwenye Ziwa Mono, kisha anaifuata barabara namba 395 kuelekea kusini, milima mkono wa kulia, jangwa mkono wa kushoto.

Mji wa Bishop uko kwenye bonde la Owens, ambalo wenyeji wake Wapaiute waliliita nchi ya maji yanayotiririka. Mwaka 1913 jiji la Los Angeles lilimaliza kujenga mfereji wa kilomita 375 kuyachukua maji hayo, na bonde likakauka. Mpandaji anayelalamika kwamba kambi ya Bishop haina bomba ana haki ya kulalamika, lakini na ajue maji yamekwenda wapi. Huko Bishop watu huacha kamba garini. Upande mmoja wa mji kuna majabali ya graniti ya Buttermilk, mengine marefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Upande wa pili kuna jiwe lililotokana na majivu ya volkano ya Long Valley, iliyolipuka takriban miaka 760,000 iliyopita, lenye mashimo madogo ambayo vidole huingia sawasawa. Watu hupanda huko juu ya magodoro mazito wanayoyabeba mgongoni, na mwenza husimama nyuma mikono ameinyoosha. Kazi yake si kumdaka anayeanguka, maana hakuna mkono utakaoweza. Kazi yake ni kumwelekeza aangukie godoro kwa miguu.

Kuanzia hapo barabara hupita baina ya mambo mawili yasiyolingana. Mlima Whitney, mita 4,421, ni mrefu kuliko wowote katika majimbo 48 yaliyopakana ya Marekani. Badwater, ndani ya Bonde la Mauti, iko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na kutoka kilele hadi shimo hilo ni mwendo wa kilomita zisizofika 150 kwa mstari ulionyooka. Bonde hilo ndilo lenye rekodi rasmi ya joto duniani, nyuzi 56.7, iliyopimwa Julai 1913. Hakuna anayepanda huko. Watu hupita na madirisha yamefungwa.

Halafu taa za Las Vegas.

Dakika 30 kutoka kwenye kamari na hoteli zenye chemchemi, jiwe hubadilika. Red Rock Canyon si graniti tena. Ni jiwe la mchanga, matuta ya jangwa la kale yaliyoganda zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita na kutiwa wekundu na chuma kilichomo. Tofauti hii si ya kijiolojia tu. Graniti ikilowa, unasubiri ikauke uso. Jiwe la mchanga likilowa hunywa maji, na kinachoziunga chembe zake hulainika, hivyo kishikio kilichobeba maelfu ya watu kinaweza kuvunjika mkononi. Desturi ya Red Rock ni kusubiri kati ya saa 24 na 72 baada ya mvua, na anayeonekana ukutani kesho yake asubuhi huonwa kama mtu anayevuna shamba la mwenzake. Siku hizo za kungoja ndizo zinazojaza maduka ya kahawa ya Las Vegas watu wenye vidole vilivyochubuka.

Kuta ndefu za Red Rock zina wenyewe, na ni mume na mke pia: Jorge na Joanne Urioste. Jorge alitoka Bolivia na alikuwa mwanaanthropolojia katika chuo kikuu cha Nevada pale Las Vegas. Ndiye aliyeshirikiana na Frank Salomon kutoa mwaka 1991 tafsiri ya Kiingereza ya hati ya Huarochirí, maandiko ya Kikechua kuhusu miungu ya Andes. Siku zisizo za darasa alikuwa ukutani na Joanne. Mwaka 1978, pamoja na Joe Herbst, walipanda Epinephrine, njia yenye zaidi ya mita 500 ambayo mabomba yake ya miamba humlazimu mtu ajibane mgongo upande mmoja na miguu upande wa pili, apande kwa kujisukuma. Miaka iliyofuata wakaongeza Crimson Chrysalis, Dream of Wild Turkeys na Levitation 29. Mwaka 1984 Joanne alichapisha kitabu cha kuwaongoza wengine kwenye njia hizo.

Walishutumiwa vikali. Pale ambapo mwamba haukuwa na ufa wa kuchomeka chuma, akina Urioste walitoboa tundu kwa mkono na kuacha bolti, na waliona si vibaya kuziweka kwa ukarimu. Wahafidhina waliolelewa na mafundisho ya Yosemite walisema huko ni kuuchuja mwamba hadi ufae kila mtu. Ukweli ni kwamba njia zinazopendwa zaidi Red Rock leo, zile ambazo mume na mke wenye ujuzi wa kawaida wanaweza kuzipanda na kurudi salama kabla ya giza, nyingi ni zao. Waliozikosoa bolti hizo wamezitegemea pia, mara nyingine siku hiyohiyo. Mwandishi huyu anaona akina Robbins na akina Urioste wote walikuwa na hoja, na kwamba jiwe lenyewe ndilo lililoamua: Yosemite ina nyufa, kuta za mchanga za Nevada mara nyingi hazina.

Kutoka Las Vegas hadi Moab, Utah, ni zaidi ya kilomita 700. Pale jangwa lina minara. Castleton ni nguzo ya jiwe ya takriban mita 120 iliyokaa juu ya kilima cha mawe yaliyomeguka, na ilipandwa mara ya kwanza mwaka 1961 na Layton Kor na Huntley Ingalls. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipotaka kujua kama inatikisika, waliwapa wapandaji wawili kipima mitetemo wakipeleke juu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mnara huyumba takriban mara moja kila sekunde, kwa kiasi kidogo mno ambacho mtu hawezi kukihisi. Mwaka 2008 Steph Davis aliupanda bila kamba, kisha akaruka kutoka kileleni na parachuti.

Davis na mumewe wa wakati huo, Dean Potter, ndio waliolifikisha lile suala la Camp 4 mahali pabaya. Mwaka 2006 Potter alipanda Delicate Arch, tao la jiwe jekundu lililo hifadhi ya Arches na linalochorwa hata kwenye namba za magari za Utah. Alisema hakuacha chochote: hakupigilia, hakutoboa, hakupaka hata poda ya mikono. Sheria ilikuwa na mwanya, na akaupita. Lakini picha zilionyesha michirizi ya kamba juu ya tao, watu wakabishana ni ya nani, na hasira ikawa kubwa. Hifadhi ikaziba mwanya huo ndani ya siku chache kwa kupiga marufuku kupanda matao yaliyo na majina. Wafadhili wakajitenga na mume, kisha na mke ambaye hakulipanda. Kumbe kuna mawe ambayo hata kutoacha alama hakutoshi.

Wanavajo, wenyeji wa jangwa hili, walikuwa wamelisema hilo zamani. Shiprock, jabali linaloinuka karibu mita 480 kutoka uwanda wa New Mexico, ni takatifu kwao. Mwaka 1939 wapandaji 4 wa California, David Brower akiwa mmoja wao, walilifikia juu wakitumia bolti chache, za kwanza kujulikana katika upandaji wa Marekani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 taifa la Wanavajo limekataza kupanda humo. Magari yenye makreti ya vyuma hupita barabarani, watu hupiga picha na kuendelea.

Kituo cha mwisho kwa wengi ni Indian Creek, kusini mwa Moab, ambako kuta za jiwe la mchanga zimepasuka kwa nyufa zilizonyooka kama zimepigwa rula, nyingine mita 30 bila kubadilika upana. Hakuna kishikio wala pa kuweka mguu. Unaingiza kiganja ndani, unakunja kidole gumba kiganjani, mkono unavimba na kukwama, unavuta. Kiatu unakiingiza kwa upande kisha unakipinda. Watu hujizungushia plasta mikononi, na bado jioni utaona damu.

Mchezo hapa huamuliwa na ukubwa wa mkono, na hapo ndipo maelewano ya nyumbani hupata mtihani. Ufa unaomkaa mke barabara unaweza kuwa mwembamba kwa kiganja cha mume, na ule ambao ngumi ya mume inajaza, mkono wa mke huelea ndani yake. Njia iliyoandikwa kiwango kimoja kitabuni ni njia mbili tofauti kwa watu wawili walioshika kamba moja. Mwanamume aliyetangulia safari nzima hujikuta akishika kamba kutwa, akimtazama mkewe akipaa.

Vyuma vya hapa ni vile vyenye ndewe nne zinazojifungua kwa springi. Ukivuta kishikio hufumba, ukikiachia hufumbuka na kubana kuta zote mbili za ufa, na kadiri uzito unavyovuta ndivyo vinavyozidi kusukuma. Ray Jardine alivibuni na kuvifanyia majaribio Yosemite, vikaanza kuuzwa mwaka 1978 kwa jina la Friends. Supercrack, ufa maarufu wa Indian Creek, ulikuwa umeshapandwa na Earl Wiggins miaka miwili kabla, kwa nati kubwa tu. Ufa usiobadilika upana unahitaji vyuma sita au vinane vya kipimo kimoja, na kimoja hugharimu zaidi ya dola 70. Basi kambini watu huazimana: kila mmoja hufunga utepe wa rangi yake kwenye vyuma vyake, na jioni hutandika turubai chini, wakatenganisha vya nani ni vipi.

Maji hakuna. Hubebwa kutoka mjini, na ushauri wa kawaida jangwani ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Udongo nao una ganda jeusi lenye uhai, bakteria na kuvu vinavyoshikilia mchanga usipeperuke, na hatua moja nje ya njia huharibu kitu kinachohitaji miongo kujirudisha. Choo hufanywa kwenye mfuko maalumu na mfuko huo huondoka na mwenyewe. Machipuko, baadhi ya kuta hufungwa ili kozi wanaotaga kwenye mianya yake wasisumbuliwe. Kando ya barabara kuna Newspaper Rock, mwamba uliojaa michoro ya mamia ya miaka ya wanyama, nyayo na watu. Eneo lote limo ndani ya Bears Ears, lililotangazwa na Barack Obama kuwa hazina ya taifa mwaka 2016, likapunguzwa na Donald Trump mwaka 2017 na kurudishwa na Joe Biden mwaka 2021. Makabila matano yaliyolipigania, wakiwamo Wahopi, Wanavajo na Wazuni, yanaliita ardhi ya mababu.

Na hata Indian Creek, ambako ufa hupokea kila chuma na kukirudisha, juu ya karibu kila njia kuna bolti na minyororo ya kushukia. Bila hizo watu wasingeteremka. Kwa miaka mingi haikuwa wazi kisheria kama bolti kwenye pori lililolindwa ni kifaa cha usalama au ni jengo haramu. Mwaka 2023 idara ya hifadhi za taifa ilipendekeza ihesabiwe kuwa jengo, wapandaji wakapiga kelele, na pendekezo likaondolewa mwaka uliofuata. Januari 2025 Biden alitia saini sheria iitwayo EXPLORE, inayotambua kwamba kuweka na kutunza bolti kwenye mapori hayo ni matumizi yanayokubalika, chini ya masharti ya wasimamizi.

Kutunza ndiko kwenye kazi. Bolti nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa nyembamba na za chuma kinachoshika kutu. Jumuiya ya kujitolea iliyoanzishwa mwaka 1998, American Safe Climbing Association, imekuwa ikizing'oa na kuweka nene za chuma kisichoshika kutu, zikiwamo za njia za akina Urioste. Kwenye pori lililolindwa drili ya umeme hairuhusiwi, kwa sababu sheria ya mwaka 1964 inakataza mashine. Tundu moja hutobolewa kwa nyundo na tindo, polepole, mtu akiwa amening'inia mita 200 juu ya ardhi, na mwenzake ameshika kamba.